Je, Ni Haki Kubadili Mwisho wa Mchezo?

Opera ya Carmen, iliyotungwa na Georges Bizet, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwezi wa Machi, 1875. Habari yake ni fupi. Carmen, mfanyakazi wa kiwanda cha tumbaku mjini Seville, apendwa na askari José. Kwa ajili yake askari huyo aacha jeshi na kuingia katika magendo. Na Carmen ampapo kisogo, amwua kwa kisu.

Mwezi wa Januari, 2018, mjini Florence, mwongozaji Leo Muscato aliugeuza mwisho huo: Carmen alinyakua bastola ya José, akamwua yeye. Hoja ilikuwa kwamba si vema watu kupiga makofi mwanamke auawapo. Hoja hiyo si nyepesi. Mwanamke kuuawa na mwanamume aliyemkataa si habari ya Seville peke yake; mahakama za Afrika Mashariki zazijua kesi za namna hiyo. Lakini je, kugeuza mwisho ni kumtetea marehemu, au ni kuficha jinsi alivyokufa?

Wako wasemao kuwa mchezo ni mali ya walio hai. Wana haki kwa sehemu. Katika miteremko ya Kilimanjaro, mtu arithiye kihamba hakatazwi kupanda mbegu mpya. Kahawa yenyewe ilikuwa mgeni, iliyoletwa na wamisionari katika karne ya 19. Leo yasimama kati ya migomba kama mwenyeji. Vivyo hivyo, Carmen akihamishiwa Moshi, kiwanda cha tumbaku chaweza kuwa cha kukoboa kahawa, na wenye magendo wakavuka mpaka usiku kutoka Holili kwenda Taveta, wala Bizet asidhulumiwe. Afrika Kusini ilifanya hivyo katika filamu ya U-Carmen eKhayelitsha, iliyoimbwa kwa Kixhosa na kushinda tuzo kuu ya tamasha la Berlin mwaka 2005. Mji ulikuwa mpya na lugha mpya. Lakini Carmen alikufa.

Hata hivyo, kihamba kina masale mpakani. Mrithi hubadili mazao; aking'oa masale, halimi tena cha babu yake. Masale ya mchezo ni swali liulizwalo ndani yake. Carmen angaliweza kujiokoa kwa uongo mmoja: kusema kwamba bado ampenda José. Alikataa. Kwa hiyo kifo chake si sifa kwa mwuaji, bali ni ushahidi juu yake. Bastola ikitiwa mkononi mwa Carmen, mtazamaji hurudi nyumbani ameridhika, na hatia ya José, iliyopasa kumfuata hata kitandani, husahauliwa ukumbini. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Julius Nyerere, alipofasiri mchezo wa Shakespeare mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Neno moja la jina lilitosha kuonyesha rai yake. Hukumu ya Shylock aliiacha mahali pake.

Ikiwa watu hushangilia kisu cha José, kosa si la mwisho wa mchezo, bali ni la jukwaa lililokipamba. Dawa yake ni kukionyesha kifo hicho kwa uchungu wake wote, hata makofi yawe mazito mikononi. Na yule atakaye Carmen aishi, kalamu haikukatazwa: na atunge mchezo wake, autie jina lake. Kihamba kipya hupandwa masale mapya.