Picha Ipi Ivuke

Siku ya arobaini ya baba, wageni walipokwisha kuondoka na masufuria ya pilau yakiwa bado hayajaoshwa, mama alinikabidhi simu ya marehemu. Mgongo wake ulikuwa umeanza kubinuka kwa sababu betri ilikuwa imevimba.

"Hamishia picha zake kwenye ile kompyuta yake," aliniambia. "Hii simu haina siku nyingi."

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Kompyuta ilikuwa sebuleni, nyumbani kwetu Tanga, pale pale baba alipoiweka mwaka 2010, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilichomeka waya. Simu ikaanza kuchaji, kompyuta ikakaa kimya. Kumbe ziko nyaya za kuchajia tu: ndani yake zimo nyuzi za kupitisha umeme, lakini zile za kupitisha data hazimo. Nikaenda dukani kununua mwingine. Safari hii simu iliniandikia swali kwenye kioo: je, unaiamini kompyuta hii? Nikabonyeza ndiyo. Folda zikafunguka, na ndani nikakuta picha 2,914, kila moja ikiwa kikaratasi cheupe kisicho na sura.

Hakukuwa na kilichoharibika. Majina ya mafaili yaliishia na herufi HEIC. Kompyuta ya baba ilizijua picha za JPEG, muundo uliowekewa kanuni mwaka 1992 na ambao karibu kila mashine inausoma. Muundo uliotumiwa na simu yake unatokana na kanuni zilizokamilishwa mwaka 2015, miaka mitano baada ya kompyuta kununuliwa. Unabana picha zaidi, hivyo simu inabeba nyingi katika nafasi ndogo. Picha ilikuwa nzima na kompyuta ilikuwa nzima, ila hazikuelewana. Kabatini mwa mama zimo negativu za harusi yao. Ukiinua moja dirishani, hata kama weusi na weupe vimegeuzwa, unamtambua bwana harusi. Faili halitazamwi dirishani. Bila mashine inayolielewa, limebaki kuwa namba tupu.

Nilijaribu njia nilizozijua. Kwenye setingi za kamera unaweza kuiagiza simu ipige picha za JPEG, lakini agizo hilo linahusu picha zijazo, na mwenye simu alikuwa amekwisha kuacha kupiga. Ipo setingi nyingine inayobadilisha muundo wakati picha zinanakiliwa. Hiyo ilifanya kazi, ila nikizidisha picha ishirini kwa mkupuo, mawasiliano yanakatika na kazi inaanza upya. Kuzipandisha mtandaoni kulihitaji nywila ambayo baba aliondoka nayo. Ilibaki njia ya mkato: kujitumia picha kwa programu ya ujumbe. Lakini programu nyingi za aina hiyo huibana picha na kuziondolea taarifa zilizofichwa ndani ya faili, ikiwemo tarehe na saa iliyopigwa. Picha inafika, siku yake haifiki.

Kwa hiyo nikaanza kuhamisha ishirini ishirini. Ukihamisha kwa namna hiyo huwezi kufumba macho. Unachagua, na ili uchague lazima utazame.

Nyingi zilikuwa za kawaida kabisa. Baba alipiga picha tokeni za LUKU ili asikosee tarakimu akiziingiza kwenye mita. Alipiga bati lililovuja, maboksi ya dawa, mche wa mwembe, wajukuu wakiwa na sare mpya. Kisha, kwenye picha za Novemba, nikaukuta mguu. Mguu wake wa kulia, umenyooshwa juu ya mkeka, umevimba. Kesho yake mguu uleule, mkeka uleule. Zilikuwa picha 41, na kila moja ilipigwa alfajiri.

Baba alituambia kwamba anaumwa mwezi Machi. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kikao hicho. Alisema mguu umeanza kumsumbua "juzi juzi tu."

Niliinuka, nikaenda kukaa barazani. Tuna methali inayosema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kilikuwa kimenikabidhi mimi kazi ya kumuumbua, tena nikiwa na waya mkononi. Swali lililonikalia kichwani halikuwa la kompyuta tena: je, picha hizi nizivushe? Kompyuta ile ndiyo mama angekuwa anaifungua jioni akiwa peke yake. Je, ana haja ya kujua kwamba mume wake aliumia ubavuni mwake miezi minne asimwambie?

Upande mmoja nilijiambia kwamba siri ya marehemu ni amana. Tumefundishwa kwamba muosha maiti hasimulii alichokiona. Anapewa mwili ulio wazi kwa sababu anaaminiwa kwamba ataufunika. Simu ya mtu nayo ni mwili wa aina yake. Baba angetaka tujue, angesema.

Upande wa pili, muosha hufunika aibu, na ugonjwa si aibu. Isitoshe, mama hakuniambia nihamishe picha nzuri. Alisema "picha zake." Nikizipunguza bila kumwambia, nitakuwa nimemkabidhi baba niliyemtengeneza mimi, halafu yeye atamlilia huyo akidhani ndiye aliyeishi naye.

Hapo ndipo njia ya mkato ilipoanza kuninong'oneza. Ningeweza kuzituma picha zile 41 kwa programu ya ujumbe. Zote zingefika, hesabu ingetimia, na tarehe zingepotea zenyewe njiani. Mama angeuona mguu, angedhani ni wa Machi au Aprili. Nisingekuwa nimefuta chochote wala kusema uongo. Ningeulizwa, ningejibu kwamba ndivyo programu inavyofanya kazi, na jibu hilo lingekuwa kweli.

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lilikuwa na utamu wake: kupata matunda ya uongo bila kutamka uongo. Lakini mtu anayejua kwamba gunia limetoboka, akaamua kulibeba hivyo hivyo kwa sababu anataka kitu fulani kidondoke, hawezi kulisingizia gunia. Kila njia ya kuhamisha kitu hupoteza kitu. Pale usipojua, hiyo ni ajali. Ukishajua, kupotea huko ni uamuzi wako, hata kama mkono uliofanya si wako.

Nilichogundua baadaye ni kwamba muda wote huo nilipima mambo mawili tu, haki ya baba na uwezo wa mama wa kustahimili. Sikuwahi kujiuliza nani amenipa mimi mizani.

Usiku, baada ya isha, nilimfuata jikoni.

"Mama, kwenye simu kuna picha za mguu wa baba. Ni nyingi. Na ni za tangu Novemba. Nizihamishe au niziache?"

Hakugeuka mara moja. Alimalizia kusuuza sinia, akaliegemeza ukutani.

"Mwanangu," akasema, "wewe unadhani nani alikuwa anamshikia taa?"

Nilirudi kwenye kompyuta nikazifungua upya. Zilipigwa kabla ya jua kuchomoza, na kwenye kila moja mwanga unatoka pembeni, kutoka juu kidogo, mahali ambapo mkono wa mpigaji usingefika. Katika picha ya tisa, pembeni kabisa, unaonekana upindo wa kanga. Nilikuwa nimezitazama zote 41 nisiuone, kwa sababu nilikuwa nikimtazama mtu anayemficha mke wake.

Waliokuwa wanafichwa ni sisi. Mama alinieleza kwa sentensi chache. Novemba ile mdogo wangu alikuwa kwenye mitihani ya kidato cha nne, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimepata kazi Dar es Salaam. Baba alisema watoto wasihangaishwe. Wakawa wanapiga picha kila asubuhi, wakilinganisha ya leo na ya jana, wakitumaini kuona uvimbe unashuka.

Siwezi kusema nililipokea vizuri. Nilikasirika. Kama wangesema mapema, pengine tungemwahi. Nilimwambia hivyo, na mama hakubishana. Alisema tu kwamba hata yeye hujiuliza hivyo, na kwamba amechoka kujiuliza peke yake. Sentensi hiyo ndiyo iliyonionyesha kilichokuwa hatarini. Kama ningepitia njia ya mkato, ningekuwa namficha mama jambo ambalo yeye alikuwa ananificha mimi. Tungeishi nyumba moja, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa siri, na swali hilo angeendelea kulibeba mwenyewe.

Sidhani kwamba kila picha lazima ionwe na kila mtu. Zipo mbili ambazo mdogo wangu alimpiga baba hospitalini, amelala bila kofia, mdomo wazi. Mama aliomba zifutwe. Nilimpa simu azifute mwenyewe, akazifuta. Kuacha kitu si kosa. Kosa ni kumchagulia mwingine cha kuacha, kisha kumfanya aamini kwamba hakikuwepo.

Kazi ilichukua siku sita. Picha za mguu zimo kwenye folda yao, na tarehe zake zimo. Tokeni za LUKU nilitaka kuziruka, mama akakataa. Alinyoosha kidole kwenye moja akasema hiyo ilikuwa siku umeme ulikatika wakala mihogo gizani, wakicheka.

Simu yangu nayo imejaa. Zimo picha ambazo nisingependa mtu azione, na nyingine ambazo mimi peke yangu ndiye ninayejua zina maana gani. Siku moja mtu ataketi mbele ya mashine isiyozielewa, aanze kuchagua. Muosha huoshwa. Naomba tu kwamba kabla hajaamua, akaulize jikoni.