Kumsaidia Kijana, au Kumlimia Shamba Lake?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mgeni mvivu. Lakini yatuletea swali jingine pia: je, mwenyeji anayemlimia mgeni wake siku zote, amemkirimu au amemdhulumu? Swali hili latuhusu sisi walimu na walezi kila kijana anapoingia katika masomo yaliyo mazito kuliko aliyoyazoea.

Hapa Uganda, mwanafunzi akifaulu mtihani wa kidato cha nne huingia kidato cha tano. Huko huyaacha masomo mengi aliyoyasoma kwa upana, akashika masomo makuu matatu, pamoja na maarifa ya jumla na somo jingine dogo, kwa muda wa miaka miwili tu. Idadi hupungua, lakini kina huongezeka. Isitoshe, yule aliyekuwa wa kwanza katika shule yake hujikuta amezungukwa na wa kwanza wenzake.

Mpwa wangu alikuja kukaa kwangu ili asome Historia, Fasihi ya Kiingereza na Kiswahili. Kabla ya majuma sita kupita, kazi ilikuwa imemwelemea hata akawa analia usiku juu ya vitabu. Nami, mwalimu wa Kiswahili wa miaka mingi, nilishika kalamu nikawa namtungia insha zake. Nilijiambia kwamba hiyo ni huruma. Alama zikapanda. Ulipofika mtihani wa mwisho wa muhula, mtoto alikaa peke yake mbele ya karatasi, akaandika aya moja tu. Mwalimu wake alinionyesha daftari, akasema kwa upole, "Mwalimu mwenzangu, insha hizi ni nzuri, ila mwenyewe simwoni ndani yake."

Niliona haya. Nilipojihoji kwa unyofu nilitambua kwamba fedheha niliyoikimbia haikuwa ya mtoto, bali yangu. Nilikwisha kujisifu kwa majirani juu ya akili zake, nami sikutaka nionekane mwongo.

Usiku ule nilimwuliza ni jambo gani lililomshinda. Akanijibu, "Mjomba, sijui hata nisilolijua ni lipi. Kule nilikotoka sikuwahi kuuliza." Hapo nilifahamu. Miaka yote tulimsifu kwa kujua, basi kuuliza kwake kukawa sawa na kuanguka.

Tangu siku hiyo kalamu ilibaki mkononi mwake. Kila jioni alinieleza kwa maneno yake somo moja la siku ile. Alipokwama, tuliandika swali la kumpelekea mwalimu wake kesho yake. Saa nne za usiku taa ilizimwa, maana akili iliyochoka haishiki kitu. Nilimwambia pia kwamba kubadili somo si aibu, na kwamba uamuzi ni wake. Akachagua kuendelea. Muhula uliofuata hakuwa wa kwanza. Alikuwa katikati ya darasa. Lakini kila neno katika daftari lile lilikuwa lake.

Yamkini msomaji atasema: "Mwacheni apambane! Sisi tulisoma bila kubembelezwa." Nakubali kwamba ugumu hukomaza. Hata hivyo, naona kwamba kumtelekeza kijana na kumfanyia kazi yake ni makosa ya ukoo mmoja, kwani yote mawili humwondolea mtu mzima taabu ya kuketi karibu naye na kungoja. Anayemtelekeza huokoa wakati wake, na anayemfanyia kazi huokoa sifa zake. Kijana hapati faida kwa yeyote kati yao.

Walimu wenzangu, kabla hatujanyosha mkono kumsaidia kijana, hatuna budi kujiuliza ni nani hasa tunayemwokoa. Jembe na liwe lake. Nasi tusiondoke shambani.