Kura na Wito wa Kabila

Alhamdulillahi, was-salatu was-salamu ala Rasulillah. Amma baad:

Ndugu zangu, katika darsa ya baada ya Maghrib limeulizwa suali ambalo naona lafaa kujibiwa kwa maandishi, kwani walifichao nyoyoni ni wengi kuliko walitamkao. Muulizaji asema: "Je, Sheikh, yajuzu mtu kumpa mgombea kura yake kwa kuwa ni wa kabila lake?" Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Lakini si suali la kuchekwa, maana sehemu kubwa ya siyasa ya nchi hii imejengwa juu ya jawabu lake.

Kabila lenyewe si dhambi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu ametueleza ya kuwa Yeye ndiye aliyetufanya mataifa na makabila ili tujuane, kisha ubora akauweka katika uchamungu peke yake. Mtu kuijua nasaba yake, kuipenda lugha yake na kuwafaa jamaa zake, haya hapana ayakatazaye. Kilichokatazwa ni taasubi, nayo ni kumsaidia mtu wako katika dhuluma kwa kuwa ni wako.

Wanasira wameeleza ya kwamba katika vita vya Banul Mustaliq, Muhajiri mmoja alimpiga Ansari. Aliyepigwa akapaza sauti kuwaita Ansari wenziwe, na yule naye akawaita Muhajirina. Mtume (S.A.W.) aliposikia aliuita wito ule kuwa ni wa kijahilia, akaamrisha uachwe kwa uvundo wake. Msomaji na atue hapa kidogo. Ansari na Muhajirina si majina ya kijahilia. Ni majina matukufu, yametajwa ndani ya Qur'ani. Wala siku ile hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kazi yaliyotiwa: yalitumiwa kukusanya watu kabla ya yeyote kuuliza mwenye haki ni nani. Basi ikiwa jina la Ansari laweza kuwa wito wa kijahilia, la kwako na la kwangu yatasalimika vipi?

Sasa tuje kwenye kura. Wanazuoni wengi wa zama zetu wasema ya kuwa kura ni shahada: mpiga kura ashuhudia ya kwamba fulani ndiye afaaye kupewa amana ya watu. Ikiwa ni shahada, hukumu yake imo katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ambamo twaamrishwa kusimamisha uadilifu tunapotoa ushahidi, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, twakatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Basi mlango umefungwa pande zote mbili, wa mapenzi na wa chuki.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 91, imekataza chama kuasisiwa juu ya kabila, dini au jimbo. Na atakaye uraisi ni lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 au zaidi miongoni mwa 47. Nia ilikuwa njema: hapana kabila moja liwezalo kutimiza hayo peke yake. Lakini hila za watu ni nyingi. Wakubwa wa makabila wamejifanya mawakala, kila mmoja awauza watu wake kwa jumla kama auzaye magunia ya nazi. Mmoja apata cheo, kabila lote laambiwa limekula, na bomba la kijijini halitoi maji.

Wala sisi wa Pwani tusidhani haya ni maradhi ya bara. Wakoloni walipompa Mwarabu haki ya kuchagua mjumbe wa baraza la kutunga sheria, walimnyima aliyehesabiwa mwenyeji. Coast Arab Association kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1921. Mwaka 1927 watu wa Taifa Tatu na Taifa Tisa wakaunda chama chao, Afro-Asian Association. Watu wa safu moja msikitini! Mpwa akawa na kura, na mjomba wake hana. Uhasama ule uliishi miaka mingi kuliko daftari lililouzaa.

Na Likoni je? Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 vijana walivamia kituo cha polisi, kisha wakawaandama watu wa bara majumbani mwao. Watu wengi waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakakimbia, miezi minne tu kabla ya uchaguzi. Uchungu wa ardhi na kazi ulikuwapo kweli. Wenye siyasa waliukuta tayari, wakautia moto. Yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalikuwa ni hayo hayo kwa ukubwa zaidi: roho zaidi ya 1,100 zilipotea, wakiwamo waliochomwa ndani ya kanisa walimokimbilia, Kiambaa karibu na Eldoret.

Mtu atasema: "Wengine wote wapiga kura kikabila, tukiacha sisi, tutaliwa." Najua haja yake. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, watu wengi wa Pwani wamekuwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Kudai haki hiyo si taasubi. Kunyamaza ndiko kubaya. Lakini idaiwe kwa kuwa ni haki, na adaiwe pia Mkamba au Mjaluo aliyedhulumiwa kiwanja chake hapa hapa mjini. Udai wako ukisita pale jina la mdhulumiwa linapobadilika, jua kuwa hukuwa ukidai haki.

Jawabu la muulizaji basi ni hili. Wagombea wawili wakiwa sawa kwa uaminifu na uwezo, ukamchagua wa jamaa yako, hapana ubaya. Ama ukijua ya kuwa yule wa kabila lingine ni muaminifu zaidi, kisha ukamwacha kwa ajili ya kabila lake, umetoa ushahidi wa uongo, na pazia la chumba cha kupigia kura halikufichi kwa Mola wako.

Suali la pili, la pesa na leso zinazogawanywa usiku wa kuamkia uchaguzi, litajibiwa katika toleo lijalo, inshallah.