Onyo Si Kosa

Jioni moja Lodwar niliandika kwa C programu ndogo ya kuorodhesha wanafunzi wetu wa kompyuta. Kompaila ikanipa onyo kwenye mstari mmoja: printf(jina). Nikalipuuza. Si inafanya kazi? Majina yote yalitokea sawa.

Rafiki yangu aliyekulia Kakuma akachungulia. "Bro, na mtu akijiita %x?"

Nikacheka. Nani anaitwa hivyo? Akaliandika mara tano mfululizo. Skrini ikatema namba za ajabu, vipande vya memori ambavyo hakupaswa kuviona.

Shida ni hii: maandishi ya kwanza unayoipa printf, inayasoma kama maagizo. %x huiambia isome. %n huiambia iandike kwenye memori. Mimi nilikuwa nimempa mgeni yeyote kiti cha bosi. Dawa yake ni herufi chache tu: printf("%s", jina). Sasa jina ni jina, si amri. Na si mambo ya nadharia. Mwaka 2000 wadukuzi waliteka seva za wu-ftpd kwa mlango huu huu. Mwaka 2021 jina la mtandao lenye alama kama hizi lilizima Wi-Fi ya iPhone.

Kosa hukuzuia. Onyo hukuachia uamue, na hapo ndipo dhamiri inaanza kazi.

Utasema maonyo ni mengi, ukiyasikiliza yote hutamaliza kazi. Ni kweli, mengine hayana maana. Lakini fikiria Tarach, mto unaopita Kakuma. Muda mwingi ni mchanga mtupu. Mvua hunyesha mbali, maji yakaja huku jua linawaka. Aliyevuka salama mara mia hajathibitisha chochote kuhusu mara ya mia na moja.

Tena mvukaji anahatarisha roho yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nawavusha wengine, na onyo nililiona peke yangu. Kambi ya Kakuma ipo tangu 1992. Wapo waliofika huko wakikimbia watu ambao wangependa sana kujua walipo. Kwao orodha ya majina si kitu kidogo.

Nilirekebisha mstari ule. Kisha nikaongeza -Werror=format-security, ili onyo la aina hiyo liwe kosa na programu igome kabisa. Rafiki yangu akaniuliza kama huo bado ni uadilifu, ikiwa sasa nimelazimishwa.

Nadhani ndiyo. Ninajua nitakavyokuwa saa sita usiku, nimechoka, umeme unakaribia kupotea. Huyo mtu simwamini. Nimeamua mapema, kwa niaba yake.