Ramani Inaishia Hapo

Nilikuwa Rhamu kwa likizo. Joto lilikuwa limepungua kidogo, tumekaa uani juu ya mkeka, laptopu yangu imechomekwa kwenye betri ya sola, mimi najenga mji kwenye Cities: Skylines. Abti alikuwa kando yangu na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia. Abti ni mjomba, ila kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, kwa hiyo mtu wa nje akitusikiliza hajui nani anamwita nani.

"Abti, hiki ni nini?"

"Ni gemu. Unapewa ardhi na pesa kidogo, unajenga mji. Ukijenga vizuri watu wanahamia, wanalipa kodi, unajenga zaidi."

"Na ukijenga vibaya?"

"Wanahama. Ama unafilisika."

Abti analima vitunguu kando ya Daua, mto ulio mpakani kati yetu na Ethiopia, kwa hiyo macho yake yalienda moja kwa moja kwenye maji. Kila anayecheza gemu hii hujifunza somo moja mapema, mara nyingi kwa uchungu: pampu ya maji safi weka juu ya mto, bomba la maji taka weka chini. Ukikosea mpangilio huo, mji mzima unaugua. Mimi nilikuwa nimepanga sawasawa. Maji ya kahawia yalitoka bombani, yakashuka na mkondo hadi mwisho wa ramani.

"Na huu uchafu unaenda wapi?"

"Unaenda tu. Ramani inaishia hapo."

"Kwani mto unaishia hapo?"

"Kwa gemu, ndiyo."

Akanywa chai kidogo. "Abti," akasema, "sisi si ndio tunakaa pale ramani inaishia?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbushwa kitu anachokijua. Mimi ndiye nilishindwa kuendelea kucheza usiku ule.

Niseme ukweli, mimi ni mchezaji mzuri. Marafiki zangu Nairobi hunipigia wakikwama. Huwa nawaambia hivi: anza na mtaa mmoja mdogo, usitandaze barabara kila mahali kwa sababu kila barabara ina gharama ya kuitunza. Viwanda viweke mbali na nyumba. Usifungue mitaa mingi kwa mpigo, manake wakaaji watakaoingia wana umri unaokaribiana, watazeeka pamoja, na siku moja magari ya maiti yatazidiwa. Shule na zahanati weka pale penye watu wengi, uone faida haraka. Na eneo lisiloleta faida, liache kwanza. Utalirudia ukishatajirika.

Hiyo kanuni ya mwisho ndiyo nataka tuikalie, kwa sababu ilishatumika kwetu, na haikuwa gemu.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka Nambari 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo. Waziri wa mipango ya uchumi alikuwa Tom Mboya. Kwa ufupi, waraka ulisema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Faida itakayopatikana huko ndiyo itakayosaidia sehemu nyingine baadaye.

Sasa itazame Rhamu kwa macho ya mchezaji. Mvua haba. Nairobi iko mbali, safari ya takribani kilomita 1,000. Wafugaji wanahama na mifugo yao, huwezi kuwapangia mtaa. Ungeanza kujenga hapa? Mimi nisingeanza. Hapo ndipo shida yangu ilipo: kama ningekaa kwenye kiti kile mwaka 1965, na akili hii ninayojivunia, ningewaacha watu wangu mwenyewe.

Wala waliouandika hawakuwa wajinga. Nchi ilikuwa na miaka miwili tangu uhuru, mfuko ulikuwa mdogo, na ukigawa kidogo kila mahali unaweza kukosa cha maana popote. Hilo ni kweli kwenye gemu na ni kweli kwenye serikali. Tena kwa upande wetu mambo hayakuwa uchumi peke yake. Kulikuwa na vita vya Shifta kati ya 1963 na 1967, na sheria za hali ya hatari huku kaskazini hazikuondolewa hadi 1991. Lakini hata tukiyaweka hayo kando, swali linabaki: ni haki kumwambia mtu asubiri, ili wengine watangulie, eti kwa faida ya wote?

Kwenye gemu jibu ni rahisi, na nimefikiria sana kwa nini ni rahisi. Kwanza, ardhi huwa tupu. Ukianza hakuna mtu, hakuna malisho, hakuna kaburi la babu ya mtu. Wakaaji wanakuja baada yako, kwa sababu yako. Rhamu watu walikuwepo kabla mpangaji hajashika kalamu. Ukiwaacha nje ya mpango, hawatoweki. Wanaendelea kuishi, wanazaa, wanaugua, wanazika.

Pili, kwenye gemu kusubiri hakuumizi mtu. Eneo nililoliacha kwa miaka 30 ya gemu nikilirudia nalikuta vilevile, nyasi na miti. Mtu hakai vilevile. Hili sihitaji waraka wa serikali kulielewa, kwa sababu liko nyumbani kwetu.

Dada yangu alimaliza darasa la nane na alama nzuri kuliko zangu. Mwaka uliofuata zamu yangu ikafika, na mifugo iliyokuwa imebaki baada ya ukame ingetosha karo ya mtoto mmoja tu. Wazee wakakaa, wakapiga hesabu. Mvulana atapata kazi, atasaidia wote. Yeye atasubiri kidogo. Ndugu yako akimaliza, walimwambia, ni zamu yako. Kwa hiyo mimi ndiye eneo lililowekewa bajeti, na yeye ndiye aliyeambiwa atarudiwa. Nilimaliza. Wakati huo alikuwa ameolewa Mandera mjini na ana watoto watatu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na mimi kwa miaka mingi nilidhani kutolaumiwa maana yake sina deni.

La tatu ndilo alilolishika abti: nje ya ramani. Will Wright alipotengeneza SimCity, iliyotoka 1989, alichota mawazo kwa Jay Forrester wa MIT, aliyeandika mwaka 1969 kitabu cha kuueleza mji kwa hesabu za kompyuta. Katika hesabu za Forrester mji umechorewa mpaka, na nje yake kuna mazingira yasiyo na kikomo. Watu wanatoka huko wakija mjini na wanarudi huko wakishindwa, lakini yanayowapata wakiwa huko hayaingii kwenye hesabu. Tangu hapo gemu hizi zimeurithi mpaka ule. Mji wako unaweza kung'aa kwa sababu kila kibaya kimesukumwa mahali pasipohesabiwa.

Kuna kijana wa Ufilipino aliyesomea usanifu majengo, Vincent Ocasla, aliyelipeleka jambo hili hadi mwisho. Alitumia miaka kujenga kwenye SimCity 3000 mji alioupa jina Magnasanti, ukabeba watu milioni 6. Kwa namba, alishinda gemu isiyo na mwisho. Wakaaji wake walikufa mapema na hewa yao ilikuwa chafu, lakini hawakuhama na hawakuandamana. Yeye mwenyewe alitaka tutishike. Kilichonitisha mimi ni kwamba nilipouona mara ya kwanza nilitaka kujua amefanyaje ili na mimi nifanye.

Sasa, kulaumu Nairobi ni rahisi, na ningeishia hapo ungenipigia makofi. Lakini mambo yamebadilika. Katiba ya 2010 iliunda Hazina ya Usawazishaji katika kifungu cha 204: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa miaka 20, iende kwenye maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyoachwa nyuma. Nusu ya asilimia si pesa za kutisha, lakini kwangu uzito wake uko kwingine. Nchi iliandika kwenye sheria yake kuu kwamba kuna watu waliosubirishwa na wanadai. Kisha 2013 kaunti zikaanza, na Mandera ni kati ya zinazopata mgao mkubwa. Yaani kipanya sasa kiko mkononi mwetu pia.

Siku chache baada ya usiku ule, tulikaa vijana kadhaa chini ya mwarobaini tukilalamika kuhusu takataka. Mifuko ya nailoni, nepi, chupa, mizoga ya mbuzi, kila kitu kando ya njia. Kila mtu akatoa wazo. Mimi, mchezaji mzuri, nikatoa langu kwa kujiamini: si tukusanye zote tupeleke kwenye laga pale chini ya mji? Hakuna nyumba, ni karibu, gharama hakuna, na mvua ikinyesha inabeba. Wenzangu wakakubali. Ilionekana akili kabisa.

Jioni nikamweleza abti. Akaniuliza laga ile inamwaga wapi.

"Kwa Daua."

"Na Daua inaenda wapi?"

Nikanyamaza. Daua ikitoka Rhamu inashuka hadi Mandera mjini, kisha inakutana na Genale karibu na Dolo na kuwa Juba, na Juba inakatiza Somalia hadi Bahari ya Hindi. Pale Mandera dada yangu hununua maji ya mto kwa jerikeni kutoka kwa mwenye mkokoteni wa punda. Nilikuwa nimepanga kumtupia takataka mtu yuleyule aliyeacha shule ili mimi nisome. Na sikumwona, kwa sababu ramani yangu ilikuwa imeishia Rhamu.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Siku zote nilidhani methali hii inamwonya mtu asikose kikao. Sasa naiona inamhukumu aliye kikaoni. Kumsubirisha mtu si dhambi yenyewe. Kila familia maskini inajua kuchagua, na serikali maskini pia. Dhambi ni kumsubirisha bila kumuuliza, bila kumwambia mpaka lini, na bila mtu hata mmoja anayeshika hesabu ya anachodai. Dada yangu angalau aliambiwa zamu yake itakuja. Kilichokosekana ni mtu wa kuikumbuka, na mtu huyo nilipaswa kuwa mimi.

Kama unasoma hii ukiwa Nairobi, usidhani nazungumzia mpakani tu. Maji mengi unayokunywa yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a. Taka zako zinaenda Dandora, ambako kuna watoto wanaolala wakivuta moshi wake. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inapita Ukambani ambako watu wanachota, inageuka Galana, kisha Sabaki, inaingia baharini karibu na Malindi. Wewe pia una bomba lako chini ya mto. Unamjua anayekaa huko?

Bado nacheza. Siwezi kusema nimeacha, ningekuwa nadanganya. Bado naweka pampu juu na bomba chini, kwa sababu gemu hainipi namna nyingine ya kuanza. Lakini takataka za Rhamu sasa tunazungumza tofauti. Tumerudi chini ya mwarobaini, mimi nikalipinga wazo langu mwenyewe, wakanicheka. Sasa tunatafuta shimo mbali na laga, jambo lenye gharama, na bado hatujakubaliana nani atalipa.

Na nilimpigia dada. Nilimwambia ile zamu yake sijaisahau, jambo ambalo halikuwa kweli, kwa hiyo nikarekebisha: nilikuwa nimeisahau, sasa nimeikumbuka. Akanyamaza, halafu akacheka. "Leo ndio umeuliza?"

Nikamuuliza anataka nini. Nilidhani atasema duka, au karo ya watoto. Akasema anataka kufanya mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa kibinafsi. Inaonekana alikuwa ameshaulizia, kwa sababu alijua masomo yote yanayotakiwa. Asichojua ni nani atakaa na watoto jioni, na vitabu vitagharimu kiasi gani.

Bado tunapiga hesabu.