Mwenzi wa Safarini na Haki Yake

Tumeulizwa suala na kijana mmoja wa darsa yetu, nasi twaona jawabu lake lawafaa wengi.

Yeye na wenzake wawili walitoka Mombasa kwa baiskeli kwenda Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 480, kujipima nguvu. Nia yao ni kwenda Hijja siku moja kwa baiskeli, kama vijana wawili wa Afrika Kusini waliotoka Cape Town wakafika Makka mwaka 2010. Njiani walifuatana na kijana wa Kikamba, Mkristo, aliyekuwa akirudi kwao Kinanie. Siku mbili aliwaonyesha penye maji, na walipokuwa wakisali alizilinda baiskeli zao. Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kufika Kinanie, mpira wa gurudumu lake ukachanika usizibike. Wawili wakasema, "Tukingoja, Ijumaa ya Nairobi itatupita," wakenda zao. Muulizaji akabaki, wakasukuma baiskeli kwa miguu hadi Kinanie, na Ijumaa ikampita. Sasa wenzake wamlaumu kuwa amemtanguliza asiye Mwislamu mbele ya Sala. Je, amekosa?

Twasema: hakukosa. Walioacha haki ni wale wawili.

Kwanza, maulamaa wa madhehebu yote manne wamesema kuwa msafiri kama hawa hapasiwi na Sala ya Ijumaa. Husali Adhuhuri yake, naye ana ruhusa ya kuipunguza. Basi Ijumaa ya Nairobi kwao ilikuwa ni fadhila, si faradhi.

Pili, Mwenyezi Mungu katika Surat an-Nisaa, aya ya 36, ametuamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima, maskini na majirani, kisha akamtaja mwenzi aliye ubavuni. Wako wafasiri waliosema huyo ni mke, na wako waliosema ni mwenzi wa safarini. Na aya haikushurutisha dini yake. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipohama Makka, aliyemwongoza njia ni Abdullahi bin Uraiqit, naye hakuwa Mwislamu. Alikabidhiwa ngamia, na siri ya pango la Thaur, akaitimiza amana. Je, mtu wa namna hii huachwa njiani?

Atasema msemaji: haki ya Mungu hutangulia. Ni kweli, lakini hapa haki mbili hazikugongana. Adhuhuri yasaliwa kando ya barabara, na ardhi yote ni msikiti. Kilichogongana na haki ya mwenzi ni hamu ya kufika.

Na hamu hiyo ndiyo tunayoiogopea safari yao kubwa. Mtume (s.a.w.) alimwona mzee akikokotwa na wanawe wawili kwa kuwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu, akamwamrisha apande, akasema kuwa Mungu hana haja ya mtu kujitesa. Tabu ikujiayo katika ibada ina ujira. Tabu ya kutafutwa kwa sifa haina. Mwenye kwenda Makka kwa baiskeli akiwaacha waja wa Mungu njiani, atafika miguu imekomaa na moyo ni ule ule.

Wala sisi hatujisafishi. Wazee wetu waliokwenda Arabuni kwa jahazi, wakingojea kusi, waligawana maji ya pipa moja siku nyingi, hata wakashuka wamekuwa ndugu. Sisi twapanda basi Mombasa usiku, twashuka Nairobi asubuhi, na aliyekaa ubavuni hatukumwuliza hata jina.

Ama wale wawili, twawanasihi kwa mapenzi: kabla ya kuifikiria njia ya Makka, warejee Kinanie wamtake radhi mwenzao. Huenda yeye hajasoma kitabu chetu hata kimoja. Ameisoma dini yetu migongoni mwao walipokuwa wakienda zao.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.