Mzazi na Kanisa katika Malezi ya Mtoto

Mtoto huzaliwa siku moja, lakini hulelewa kila siku. Katika kuzaliwa kwake wapo watu wawili wanaojulikana. Katika kulelewa kwake wapo watu wengi, na baadhi yao hawajui kuwa wanalea. Mama hulea, baba hulea, bibi na mjomba hulea, jirani hulea, na njia apitayo mtoto kwenda kisimani humlea vile vile. Miongoni mwa walezi hao Kanisa limedai mahali pake tangu zamani. Huwabatiza watoto au huwabariki, huwafundisha, huwaimbisha, huwatayarisha kwa kipaimara. Mzazi naye ana mahali pake, na mahali hapo ni pa zamani zaidi. Basi huzuka swali jepesi kuulizwa na zito kujibiwa: katika malezi ya imani na tabia, wajibu ni wa nani?

Jibu la haraka ni kwamba wajibu ni wa wote wawili, kwa sababu mkono mmoja haulei mwana. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mikono miwili yaweza kubeba mtungi mmoja, na mikono miwili yaweza kuuvunja, kila mmoja ukidhani kwamba mwenziwe ameushika. Wazazi wengi hudhani kuwa mwalimu wa shule ya Jumapili anatosha, na walimu wengi hudhani kuwa nyumbani mambo ni salama. Baina ya dhana hizo mbili mtoto huanguka, na hapana asikiaye kishindo mpaka miaka imepita.

Yafaa kwanza kutenga kazi na wajibu. Kazi hukabidhika, wajibu haukabidhiki. Baba asiyejua hesabu huweza kumpeleka mwanawe kwa mwalimu wa hesabu, akalipa ada, akalala usingizi. Ujinga wa baba hauharibu hesabu ya mtoto. Mbili na mbili zitakuwa nne hata kama nyumbani hapana ajuaye kuhesabu. Imani na tabia njema hazifuati kanuni hiyo. Mtoto aliyefundishwa kanisani kwamba udanganyifu ni dhambi hurudi nyumbani na kipimo mkononi. Akimwona baba yake anapunja mizani dukani, moja katika mambo mawili hutokea: ama humdharau baba, ama hulidharau fundisho. Aghalabu mtoto humpenda baba kuliko fundisho, na fundisho ndilo liangukalo. Elimu ya namna hii haina budi kuwa na shahidi, na shahidi wa karibu ni yule alaye na mtoto katika sinia moja.

Hesabu ya saa yathibitisha neno hilo. Mtoto asiyekosa shule ya Jumapili hata mara moja, akakaa humo saa moja, hupata saa 52 kwa mwaka. Akiwa macho saa 14 kila siku, mwaka humpa saa 5,110. Hata mwalimu hodari hawezi kuzishinda saa elfu tano kwa saa hamsini na mbili. Awezalo ni kuzitia saa zile chache ndani ya zile nyingi, kama chumvi itiwavyo katika chakula. Na mwenye chungu ni mzazi.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini mazoea ya kumwachia Kanisa kazi yote yameenea? Historia ina sehemu ya jibu. Mwaka 1780 Robert Raikes, mwenye gazeti katika mji wa Gloucester huko Uingereza, alisaidia kuanzisha shule ya Jumapili kwa watoto wa maskini. Wengi wao walifanya kazi siku sita za juma, na siku ya saba walizurura njiani. Walifundishwa kusoma, kwa kuwa asiyejua kusoma Biblia kwake ni kitabu kilichofungwa. Walifundishwa pia katekisimu na adabu. Wazazi wao wengi hawakujua kusoma, na kazi iliwamaliza nguvu. Shule ile haikumpokonya mzazi kitu alichokuwa nacho, iliziba pengo. Sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilipoweka msingi wa shule za umma nchini humo, kazi ya kufundisha kusoma ilianza kupata mlango mwingine, lakini shule ya Jumapili ilidumu, na mfano wake ulikwisha kuenea mbali. Kilichobuniwa kwa ajili ya watoto wasio na msaada kikawa desturi ya watoto wote.

Pwani ya Afrika Mashariki ina habari inayofanana na hiyo, tena yenye uchungu zaidi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakapokea watoto waliokombolewa utumwani. Katika miaka ya 1870 makazi ya watu waliookolewa utumwani yalianzishwa pia Freretown, karibu na Mombasa, na wamisionari wa Kianglikana. Watoto wale walikuwa wameporwa kwa wazazi wao, na hapakuwa na mzazi wa kuulizwa. Misheni ikawa baba na mama. Huko Bagamoyo iliwalisha, iliwafundisha kilimo na ufundi, iliwaoza, na kuwakalisha katika vijiji vya Kikristo. Hapana awezaye kulilaumu Kanisa kwa kumpokea yatima. Lakini mlezi aliyezoea kulea yatima ana hatari yake: yamkini akamtazama kila mtoto kama yatima, hata yule ambaye mama yake amesimama mlangoni akimngoja.

Tanzania ilipopitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za madhehebu ziliingia mikononi mwa serikali, na Kanisa likabakiwa na vipindi vya dini. Kanisa lililozoea kumpata mtoto darasani likakumbushwa kuwa darasa ni nyumba ya kuazima, na kwamba nyumba ya mtoto iko penginepo.

Njia ya kumwendea mtoto kwa kupitia nyumbani kwake haikuwa ngeni. Mwaka 1529 Martin Luther alitoa Katekisimu Ndogo, baada ya kuona katika ukaguzi wa sharika za Saxony kwamba watu wengi, na hata baadhi ya wachungaji, hawakujua mambo ya msingi ya imani. Kitabu hicho kilikusudiwa kiwe chombo mkononi mwa mkuu wa nyumba, apate kuwafundisha watu wake kwa maneno mepesi. Lililo kubwa hapa si kitabu, ni mwelekeo wake. Kiongozi wa Kanisa hakusema, "Nileteeni watoto, nanyi mwende zenu." Ni kama aliyesema, "Chukueni chombo hiki, mkafanye kazi iliyo yenu." Karne nne baadaye, mwaka 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo uliwataja wazazi kuwa ndio walezi wa kwanza na walio wakuu. Makanisa mawili yaliyotengana kwa mengi yalikutana katika neno hili.

Katika mlima Kilimanjaro alikuwako mtu aliyelichukua wazo hili mbali zaidi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, alifika Afrika Mashariki mwaka 1902, na kwa miaka mingi alifanya kazi Old Moshi miongoni mwa Wachaga, mpaka alipoondoka mwaka 1938. Aliyasikiliza na kuyaandika mafundisho ambayo wazee wa Kichaga waliwapa vijana wao, akayatoa katika vitabu vikubwa. Aliamini kuwa ukoo, ujirani na urika ni vifungo ambavyo Kanisa halina ruhusa ya kuvikata, bali lapaswa kujengwa juu yake. Katika kuwaandaa vijana kwa kipaimara aliwafunga pamoja katika vikundi vya kulindana, kwa mfano wa desturi za urika. Gutmann alilaumiwa kuwa aliusifu ukoo kupita kiasi, na lawama hiyo haikosi haki. Ukoo una hekima, lakini una dhuluma pia, na si kila lililo la kale ni jema. Hata hivyo alitambua kuwa mtoto haji kanisani mtupu. Huja amekwisha kuanzwa na wengine, na mjenzi mwenye akili hutazama msingi uliopo kabla ya kuchimba wake.

Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi mwaka 1976 waliweka mkazo juu ya jumuiya ndogo ndogo, ambamo familia za jirani hukusanyika nyumbani kwa zamu, kusoma Maandiko na kusaidiana. Faida ya mpango huo kwa watoto ni kubwa kuliko ionekanavyo. Mtoto aketiye mkekani jioni, akamsikia baba yake akisoma kwa kukwamakwama, na mama yake akimwombea jirani mgonjwa, hupata somo lisilopatikana kwa mwalimu peke yake: kwamba imani ni jambo la watu wazima, wala si mchezo wa watoto unaoachwa pamoja na kaptura za shule.

Yapo mapingamizi, na haifai kuyapita kimya. La kwanza ni juu ya mzazi asiyejua. Itakuwaje mzazi awe mlezi wa kwanza wa imani, hali mtoto wake amekwisha kumpita katika katekisimu? Pingamizi hili hutoka katika kuchanganya elimu na ushuhuda. Mama asiyeweza kutaja amri kumi kwa mpango aweza kuzishika, na mtoto huziona zikiishi. Kiongozi mwema hamwaibishi mama huyo mbele ya mwanawe. Humwongezea maneno machache ya kutumia, naye humwachia heshima yake yote.

La pili ni juu ya mzazi mwenye imani nyingine. Nyumba ambamo baba ni Mwislamu na mama ni Mkristo si ngeni katika nchi hizi. Huko kiongozi hana budi kuenda polepole. Akimfundisha mtoto kumdharau baba yake, amevunja amri moja ya Mungu kwa kisingizio cha kufundisha nyingine. Awezalo ni kusema kweli yake bila ya kuificha na kumheshimu baba bila ya unafiki.

La tatu ndilo zito kuliko yote: mzazi mbaya, na kiongozi mbaya. Yupo mzazi ampigaye mtoto mpaka kumjeruhi, na yupo amtendeaye mabaya yasiyotajika. Kwa mzazi wa namna hiyo ushirika huwa usaliti. Kiongozi aliyeambiwa na mtoto siri ya mateso, akairudisha kwa mtesaji kwa jina la kuheshimu wazazi, amemwuza mtoto mara ya pili. Hapo haki ya mzazi hukoma, na sheria ya nchi na huruma ya Kanisa zapaswa kusimama upande wa mtoto. Lakini upanga huu una makali pande mbili. Mwaka 2009 tume ya uchunguzi nchini Ireland ilitoa taarifa juu ya mateso waliyoyapata watoto, kwa miaka mingi, katika shule na nyumba za malezi zilizoendeshwa na mashirika ya kitawa. Watoto wale walitengwa na watu wao, na vazi takatifu likawa pazia. Fundisho lake ni chungu: heshima isiyouliza ni mlango ulioachwa wazi usiku. Mzazi amwulizaye mchungaji juu ya anayekaa na watoto, wapi na kwa muda gani, hamtukani mchungaji. Anatimiza ushirika wenyewe. Macho mawili hulinda kuliko moja, na kiongozi mwaminifu hayachukii.

Ushirika pia una saa ya kunyamaza. Augustino, aliyezaliwa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini mwaka 354, alisimulia katika kitabu cha maungamo yake kwamba mama yake Monika, akihangaikia imani ya mwanawe, alimwendea askofu mmoja na kumsihi aende kusemezana naye. Askofu alikataa. Aliona kuwa kijana amejaa majivuno na hayuko tayari kufundishwa. Akamwambia mama amwache kwa sasa na kuendelea kumwombea, akimfariji kuwa machozi kama yale hayatapotea bure. Augustino alibatizwa Milano mwaka 387. Askofu yule alikuwa na elimu ya kushinda mabishano, lakini alijua kuwa kuyashinda mabishano si kumpata mtu. Wala Monika hakuwa mzazi asiye na dosari. Mwanawe aliandika kuwa wazazi wake walijali sana maendeleo yake ya masomo, na pengine kuliko usalama wa nafsi yake. Mzazi wa kwanza si lazima awe mzazi mkamilifu. Yatosha asichoke.

Kutokana na hayo yote wajibu wa kila upande waweza kupambanuliwa. Kiongozi wa Kanisa ampime mwalimu wa watoto si kwa wingi wa nyimbo tu, bali kwa kuuliza kama wazazi wanajua watoto wamejifunza nini. Awatembelee nyumbani kabla ya kuwaita ofisini. Asiijaze juma kwa mikutano hata familia zikose jioni moja ya kukaa pamoja, kisha akahubiri juu ya kuvunjika kwa familia. Mzazi naye asimfanye mchungaji fimbo ya kuogofya mtoto, wala asimpeleke mtoto kanisani huku yeye akibaki kitandani. Aombe msaada bila haya, lakini asiombe kupunguziwa deni.

Na mtoto mwenyewe je? Mabishano juu ya mlezi wa kwanza na mlezi wa pili hugeuka ubatili ikiwa mtoto amesahauliwa katikati, kama shamba ligombaniwalo na ndugu wawili mpaka msimu wa kupanda ukapita. Mtoto si mali ya mzazi, wala si hesabu ya Kanisa. Ni mtu aliyekabidhiwa kwa muda, na amana hurudishwa. Siku yaja ambapo atachagua peke yake, na hapana mkono wa mzazi wala wa mchungaji utakaomshika. Siku hiyo hatauliza ni nani aliyekuwa na haki zaidi juu yake. Atapapasa moyoni mwake kutafuta kitu cha kushika. Na atakachokikuta humo ni kile ambacho nyumbani na kanisani vilikubaliana kumpa.